Tembo wa Kidato cha Tatu B

Kidato cha Tatu B kilikuwa na kamati ambayo haikubandikwa kwenye ubao wowote wa matangazo, haikupigiwa kura, wala haikuwa na baraka za mwalimu hata mmoja. Iliitwa Kamati ya Macho. Mwenyekiti wake alikuwa Asmahani Bwanaheri, umri miaka kumi na sita, binti wa muuza vitenge na ndoo za plastiki pale sokoni Ifakara. Jalada lake ofisini lilikuwa na barua mbili za onyo. Ya kwanza ilikuwa ya kuivisha kengele ya shule soksi tatu ili isilie alfajiri. Ya pili ilikuwa ya kuigiza sauti ya matroni kwa ustadi mkubwa, hata matroni mwenyewe akaitika.

Kamati ilikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha kwamba Mwalimu Kasmiri, mwalimu wa Kiingereza, hajui kuwa darasa zima linajua kuwa haoni.

Si kwamba alikuwa gizani kabisa. Mlango aliuona, dirisha aliliona, na mtu aliyesimama mbele yake aliona kwamba ni mtu. Lakini kutoka mtu hadi mtu gani, hapo palikuwa na ukungu, na ukungu huo ulizidi kila mwezi.

Asmahani ndiye aliyeligundua jambo hili, na aliligundua kwa njia ambayo hakupenda kuikumbuka. Ilikuwa Februari, Jumatatu, kipindi cha kwanza. Alikuwa amewahi darasani na kumchora Mwalimu Kasmiri ubao mzima: tumbo, suruali iliyopandishwa hadi karibu na kwapa, baiskeli inayolalamika chini yake. Juu ya kichwa aliandika kwa herufi kubwa jina la utani ambalo shule nzima ilimwita kwa siri, yaani Mzee Nahau, maana mtu huyu alipenda nahau za Kiingereza kama wengine wapendavyo mpira. Darasa lilikaa likiuma vidole, likisubiri radi.

Mwalimu Kasmiri aliingia, akasimama mbele ya tumbo lake mwenyewe, akaligusa kwa kiganja, akageuka akitabasamu.

"Nani alikuwa zamu ya usafi?" aliuliza. "Ubao unang'aa. Hongereni sana."

Kisha akachukua chaki na kuandika tarehe katikati ya kitovu chake.

Hakucheka mtu. Kipindi kilipokwisha Asmahani aliufuta ubao mwenyewe, taratibu, na siku hiyo hakula mchana. Kesho yake aliunda kamati.

Kamati iligawanywa katika idara, kama inavyostahili kila jambo zito nchini. Idara ya Kikohozi iliketi dawati la mbele. Mwalimu akikaribia ngazi ya mlangoni, mmoja wao alikohoa mara moja kwa kupanda na mara mbili kwa kushuka. Idara ya Chaki iliweka chaki pembe ileile ya meza kila asubuhi, na ole wake aliyeisogeza. Idara ya Ubao ilikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu mistari ya mwalimu ilikuwa imeanza kupandiana kama siafu. Agizo likatoka kwamba kila mwanafunzi aandike alichosikia, asiandike alichoona. Naye mwenyekiti alijipa Idara ya Daftari. Mwalimu alikuwa ameanzisha mtindo mpya wa kusahihisha: kila mtu asome insha yake kwa sauti, "ili nisikie matamshi," naye atamke alama, na Asmahani aziandike kwenye rejista. Ingewezekana kabisa kwa Asmahani kujipa tisini na nane. Alijipa sitini na moja, kama ilivyotamkwa. Alipofikiria baadaye, hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: alikuwa anageuka kuwa mtu mwaminifu.

Mwalimu naye hakukaa bure. Rejista aliiita kwa kichwa, majina arobaini na mawili, bila kukosea hata moja. Baiskeli aliacha kuipanda akaanza kuisukuma kutoka nyumbani kwake Lumemo hadi shuleni. Walimu wenzake aliwaambia ni mazoezi ya moyo. Kitabu alikifungua, akakitazama, kisha akasoma ukurasa mzima kwa sauti yake nzuri nzito, na mara moja moja kitabu kilikuwa juu chini. Idara zote zilitazama pembeni.

Kwa hiyo kwa miezi mitano pande mbili ziliigiziana, kila moja ikidhani ndiyo inayomlinda mwenzake. Utamwanzaje mwalimu wako? "Shikamoo mwalimu, huoni"? Maneno kama hayo hayapo. Tena alikuwa amewaambia wazi mwanzoni mwa mwaka, akicheka, kwamba siku atakayoacha kufundisha ndiyo siku atakayoanza kuumwa. Tatu B walilishika neno hilo wakaliweka moyoni.

Kisha, Julai, ikaja habari ya mkaguzi.

Mkuu wa shule, Madam Eveline, aliitangaza mstarini asubuhi ya Jumatatu. Mkaguzi anaitwa Bwana Valeriani, atafika keshokutwa, ataingia kila darasa, na Tatu B ataingia kipindi cha Kiingereza. "Sitaki aibu," alisema, na macho yake yakatua moja kwa moja kwa Asmahani, bila kupitia kwa mtu mwingine yeyote.

Kipindi cha Kiingereza kilipofika, Mwalimu Kasmiri alisugua viganja vyake.

"Jumatano tutamwonyesha mgeni nahau," alisema. "Moja tu, lakini tutaichuna mpaka mfupa. Andikeni: *the elephant in the room*. Tembo chumbani. Maana yake: jambo kubwa, lipo mbele ya kila mtu, kila mtu analiona, na hakuna anayelitaja. Watu wanakunywa chai, wanaulizana habari za watoto, na tembo amesimama katikati ya makochi."

Kalamu zote zikasimama.

"Maana nimewapa. Matumizi mtaniletea ninyi. Kila mmoja mfano wake, wa kweli, kutoka maisha yake. Sitaki mfano wa kitabuni. Nataka mfano wenye jasho lako mwenyewe. Mbona mmenyamaza? Ni rahisi! Hakuna hata mmoja wenu anayemjua tembo wa namna hiyo?"

Wanafunzi arobaini na wawili walichunguza kucha zao. Wote arobaini na wawili walikuwa wakimtazama tembo mmoja, naye alikuwa amevaa miwani na anatafuta kifutio.

Mchana huohuo kamati ilikutana kwenye karo la kufulia, nyuma ya bweni, kila mjumbe na ndoo yake. Mwenyekiti alisoma maazimio. Azimio la kwanza: ni marufuku kwa mtu yeyote kutumia mfano Ule. La pili: siku ya mkaguzi, mwenyekiti atahama dawati lake la nyuma dirishani na kukaa mbele kabisa, karibu na meza ya mwalimu, ili dharura yoyote ya daftari, kitabu au chaki ishughulikiwe papo hapo. La tatu: Idara ya Kikohozi inywe maji ya moto kulinda koo. Wajumbe wakacheka, wakatawanyika na nguo zao.

Mmoja hakucheka wala hakuondoka. Alikuwa Levina, monita wa darasa, msichana wa Mkula ambaye hajawahi kuandikwa jina la kelele tangu Kidato cha Kwanza.

"Asma," alisema, akikamua sketi, "hivi wewe unamlinda mwalimu, au unalinda mchezo wako?"

"Mchezo? Mimi nimehama dawati la dirishani kwa ajili yake! Unajua upepo wa pale?"

"Bibi yangu alikuwa hivyohivyo. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nyumbani tulikuwa tunamwekea kila kitu mahali palepale. Fimbo hapa, kata ya maji pale. Tukajiona wajukuu wazuri sana. Kila akitajiwa hospitali anasema, baada ya mavuno. Na sisi tunaitikia, haya bibi, baada ya mavuno."

"Halafu?"

"Halafu mavuno matatu yakapita. Alipofika Ifakara daktari akamfanyia jicho moja, likapona kabisa. Siku ya kwanza kurudi alinitazama akasema, kumbe umekuwa mbaya hivi. Nilifurahi nusu nilie. Lakini la pili lilikuwa limeshaharibika. Daktari alituuliza, mlikuwa wapi siku zote? Tulikuwa tunampangia fimbo."

Asmahani alipiga povu la sabuni kwa kidole. "Mkaguzi akijua, watamrudisha nyumbani."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu! Hiyo nahau ya mwalimu bwana, hata sijui nani aliitunga. Watu wenye tembo hawawezi kuisema vile. Kwetu akiingia kwenye mpunga, hakuna anayekunywa chai. Mnatoka wote, mama, watoto, mgeni aliyelala kwenu, mnapiga madebe, mnapiga masufuria, mnapiga kelele mpaka aondoke. Ukinyamaza kwa heshima, kesho huna shamba."

"Baada ya ukaguzi," alisema Asmahani. "Nakuahidi. Baada ya ukaguzi tutafikiria."

Levina alimtazama, akabeba ndoo yake. "Baada ya mavuno," alisema, akaenda zake.

Jumatano ilipambazuka na joto lake la kawaida. Bwana Valeriani alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye shati la mikono mifupi na kalamu nne mfukoni. Aliamkiwa kwa shikamoo moja kubwa iliyotikisa madirisha, akaitikia, akaenda kukaa nyuma kabisa, pembeni ya dawati tupu lililokuwa la Asmahani.

Mwalimu Kasmiri akaja. Kikohozi kimoja, akapanda ngazi kama mfalme. Chaki ilikuwa kwenye pembe yake ya meza. Akaiokota bila kutafuta. Rejista ikaitwa, majina yote, sauti imenyooka. Akaeleza nahau yake kwa Kiingereza kizuri mno, na alipofika kwenye watu wanaoulizana habari za watoto huku mkonga umeingia kwenye birika, mkaguzi mwenyewe alicheka kwa sauti. Mifano ikaanza kutolewa. Mmoja alitaja wadudu wa kwenye maharage ya bwaloni. Mwingine alitaja mjomba wake, ambaye kila mwaka husema anahamia Dodoma. Ilikuwa mifano midogo, mikavu, isiyo na jasho la mtu, lakini ilipita. Pale mbele, Asmahani alianza kupumua.

Ndipo Mwalimu Kasmiri akageuza uso wake kuelekea dirishani, kule nyuma, akatabasamu kwa upendo mkubwa.

"Asmahani," alisema, akiliambia dawati tupu. "Najua una jambo. Simama utuambie."

Asmahani alikuwa mbele yake, hatua mbili, angeweza kumgusa.

Kosa likamfunukia lote kwa mara moja. Walipanga kila kitu, lakini hawakumwambia mwalimu kwamba mwenyekiti amehama. Wangemwambiaje? Mtu anayeona haambiwi nani kakaa wapi.

"Usione haya," mwalimu aliliambia dawati. "Nakuona unatabasamu."

Bwana Valeriani, aliyekuwa mkono mmoja kutoka hapo, alilitazama dawati. Kisha akamtazama mwalimu. Kisha, polepole, akaweka kalamu chini.

Asmahani alivua viatu. Viatu vya shule vililia kwenye sementi ile kama vifaranga, na hapakuwa na muda wa kufikiri njia nyingine. Akavishika mkononi, akainama, akapita kati ya madawati kwa ncha za vidole, huku wenzake wakikunja miguu kumpisha, mpaka akafika nyuma, akajipenyeza mbele ya magoti ya mkaguzi wa Serikali, akasimama wima pembeni ya dawati lake la zamani, soksi chini, viatu nyuma ya mgongo.

"Naam, mwalimu," alisema, akihema kidogo. "Mfano wangu ni wa kwaya ya Jumapili. Madam Eveline akiimba, kila mtu anajua wimbo umekwenda upande mwingine na Madam amekwenda upande mwingine. Hakuna anayesema. Tunaimba tu."

Darasa lililipuka kwa kicheko, cha mfano kidogo na cha nafuu zaidi. Mwalimu Kasmiri alifuta macho yake kwa leso. "Hayo ndiyo matumizi!" alisema. "Mgeni wetu, naomba usimwambie Madam."

Bwana Valeriani alicheka pia, lakini hakumwondolea Asmahani macho.

Kengele ya chakula ilipogonga, mkaguzi alikwenda mbele, akampa Mwalimu Kasmiri mkono, akausubiri wa mwalimu uutafute wake na kuupata. "Mwalimu," alisema, "darasa lako lina nidhamu ambayo sijapata kuiona." Mlangoni alimpita Asmahani, akasimama kana kwamba anataka kusema neno kubwa.

"Binti," alisema. "Vaa viatu."

Akaondoka.

Nje, Tatu B walikuwa wanarukaruka na sahani zao za bati, wanapigana migongo. Ushindi! Operesheni kamili! Mwenyekiti alitakiwa akahutubie. Lakini mwenyekiti alikuwa amebaki amekaa kwenye dawati lake la nyuma, anafunga kamba za viatu taratibu mno. Alikuwa anafikiri kwamba hata Serikali imemwona tembo, imempa mkono, imepita.

Alipoinua kichwa akamwona Mwalimu Kasmiri. Mwalimu alidhani darasa limeisha watu. Kitabu chake kilikuwa mezani, shubiri moja tu kutoka vidole vyake, na vidole vilikuwa vinakitafuta. Vinapapasa mbao, vinarudi, vinapapasa tena, kama mama anayechagua mchele kwenye ungo. Hakuwa anaigiza. Hapakuwa na mtu wa kumwigizia. Uso wake, bila lile tabasamu la kazini, ulikuwa uso wa mtu mwenye hofu.

Asmahani alikuwa ameziona mbinu zake zote kwa miezi mitano. Uso huo hakuwa ameuona.

"Mwalimu," aliita.

Mkono ule uligeuka haraka ukawa unafuta meza. "Vumbi," alisema Mwalimu Kasmiri. "Julai hii ina vumbi. Wewe huendi kula?"

"Naomba nitoe matumizi yangu."

"Umeshatoa. Ya Madam na kwaya. Mbele za watu nilicheka tu, lakini nami natamani kusema hivyohivyo tangu mwaka juzi."

"Ile ilikuwa ya kumfurahisha mgeni. Yenye jasho niliificha."

Mwalimu aliacha kufuta meza. "Haya," alisema. "Njoo mbele. Sema kwa sauti."

Alikwenda mbele. Levina alikuwa mlangoni na kufuli la darasa mkononi, amesimama hapohapo. Asmahani, ambaye aliwahi kumhutubia matroni kwa sauti ya matroni, alijikuta amebaki na sauti yake mwenyewe tu.

"Mwalimu, tembo wetu sisi ni macho yako," alisema. "Huoni ubao. Huoni daftari. Leo umeniita kwenye dawati tupu, nimetambaa na soksi mpaka kule nikuitikie. Tunajua wote, tangu Februari. Tumenyamaza, na huo unyamavu nimeusimamia mimi. Samahani sana, mwalimu."

Mashine ya kukoboa mpunga ng'ambo ya barabara ilikuwa ikinguruma.

"Wote?" aliuliza Mwalimu Kasmiri.

"Wote, mwalimu."

"Hata yule wa Mlimba anayelala kila kipindi?"

"Huyo ni naibu mkuu wa Idara ya Kikohozi."

"Kuna idara," alisema mwalimu. Alipapasa kiti, safari hii bila kuficha, akakaa. "Kumbe kuna idara. Na mimi natamba ofisini! Nawaambia wenzangu, miaka ishirini na tisa sijapata darasa lenye adabu kama Tatu B. Chaki iko mahali pake. Kelele hakuna. Mtu akikosea, jirani yake anamsahihisha. Nikasema, hatimaye Kasmiri umekuwa mwalimu mzuri."

"Ulikuwa mzuri toka zamani," alisema Levina kutoka mlangoni. "Ndiyo maana tukafanya ujinga huu."

"Na mimi nilikuchora," alisema Asmahani, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka na alitaka kumwaga yote. "Ile siku uliyosifu ubao. Ulikuwepo wewe na baiskeli. Na tumbo."

"Nilifanana?"

"Tumbo nilizidisha kidogo."

Mwalimu Kasmiri alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akavua miwani, akaishika magotini. "Mwaka jana, kabla ya Krismasi, nilianza kuona kama moshi," alisema. "Nikasema ni joto. Kisha nikasema ni miwani imezeeka. Mke wangu anadhani nimeacha kusoma magazeti kwa sababu yananiudhi. Nikienda hospitali wataandika, wanangu. Wakishaandika, karatasi itafika ofisini, na mwalimu asiyesoma ni mwalimu wa nini? Nikasema ngoja nisukume mwaka huu."

"Bibi yangu alisubiri, akapoteza moja," alisema Levina. Akamsimulia yote, habari ya fimbo na kata, na swali la daktari. Hakupunguza neno. "Kliniki ya macho ni Alhamisi, mwalimu. Ni kesho."

"Kesho, kesho." Mwalimu alirudisha miwani usoni kama mtu anayefunga dirisha. "Nimewasikia. Na nawashukuru, sijui hata niseme nini. Lakini mitihani ya muhula iko mlangoni. Tumalize mitihani kwanza, halafu nitakwenda. Nawaahidi."

Levina alimtazama Asmahani.

Kwa Asmahani, kuvunja ukimya mara moja hakukuwa kumetosha. Tembo alikuwa ameshatajwa jina na bado amekaa kwenye kochi. Akafungua dawati la karibu, akachukua sahani ya bati ya mtu na kijiko chake, akasimama mbele ya Mwalimu Kasmiri na kuanza kupiga.

"Asmahani! Nini hiyo?"

"Kwa kina Levina tembo akiingia shambani hawamnyamazii!" alipaza sauti juu ya kelele zake mwenyewe. "Wanapiga mpaka aondoke! Na mimi nitapiga mpaka useme kesho!"

Dirishani vilikuwepo vichwa. Bila shaka vilikuwepo. Tatu B hawajawahi kupitwa na neno. Kijiko cha pili kikaanza, cha tatu kikafuata, kisha vyote, darasa zima limezunguka jengo na sahani zake tupu, naibu mkuu wa Kikohozi akigonga mlango wenyewe kwa kikombe. Kuku wa jikoni walikimbilia barabarani. Wapishi walitoka na miiko. Mwalimu Kasmiri aliziba masikio, akaziba tena, na machozi yalikuwa yanamtoka chini ya miwani, na hakuna aliyeweza kujua kama analia au anacheka.

"Nyamazeni!"

Sauti hiyo haikuhitaji kuigizwa. Madam Eveline alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkaguzi nyuma yake na sahani ya wali mkononi. Vijiko vikafa kimoja kimoja.

"Asmahani Bwanaheri," alisema Madam. "Nilijua. Kabla sijafika nilijua. Siku ya mkaguzi! Hiyo ni barua ya tatu, na barua ya tatu—"

"Madam." Mwalimu Kasmiri alikuwa amesimama, mkono mmoja mezani. "Huyo hana kosa. Naomba ruhusa kesho, siku nzima."

"Ya nini?"

Alivuta pumzi. Wanafunzi walioko dirishani walimwona akitafuta tabasamu lake la kazini, akalikosa, akaamua kusema bila hilo.

"Macho, Madam. Sioni. Kitabu sioni, hata wewe nakujua kwa sauti. Naomba nikatazamwe."

Madam Eveline hakushtuka. Alishuka ile ngazi moja akaingia darasani, akasimama karibu naye.

"Najua, Kasmiri," alisema kwa upole ambao Tatu B hawakujua anao. "Najua tangu Pasaka. Zamu zako za usiku, unadhani ni nani aliyezifuta kwenye ratiba? Nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Kila nikianza nakuuliza habari za nyumbani."

"Hata wewe!"

"Hata mimi," alisema Bwana Valeriani kutoka mlangoni, akitazama wali wake kwa aibu. "Nusu saa iliyopita. Nikamwambia binti avae viatu."

"Na nani alikwambia utafukuzwa?" Madam aliendelea. "Utapewa ruhusa ya matibabu kama mtumishi yeyote, na utarudi. Vipindi vyako nitafundisha mwenyewe."

Kutoka dirishani ilisikika sauti ndogo ya mtu aliyekumbuka Kiingereza cha Madam, lakini alikanyagwa na wenzake kwa wakati.

Adhabu ya Asmahani, kwa kuanzisha kamati bila kibali na kuvuruga chakula cha mchana, ilitamkwa palepale: kesho asubuhi, yeye na monita watamsindikiza mwalimu hospitali, na atabeba mkoba. Aliipokea kwa kichwa kilichoinama na uso wa majuto makubwa.

Kesho yake walisubiri kwenye benchi kuanzia saa mbili. Saa tano na nusu Mwalimu Kasmiri aliingia, na saa sita alitoka na daktari kijana aliyewaelezea wote watatu kwa pamoja, bila kuficha. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia litapasuliwa wiki ijayo. La kushoto limekomaa zaidi, lakini lina matumaini. Likifanywa mwezi unaofuata litaona. "Mngengoja mwaka mwingine," alisema, "tungekuwa na mazungumzo tofauti."

Levina alifunika uso kwa viganja akakaa hivyo kitambo.

Walikuwa wamemwekea mwalimu dawa ya matone ya kupanua mboni, kwa hiyo alipofika kwenye kibaraza jua la Ifakara lilimpiga usoni, na hata ule mwanga kidogo aliokuwa nao ukawa maziwa matupu. Alisimama. Watu walikuwa wengi. Wagonjwa, wauguzi, na mzazi mmoja wa mwanafunzi aliyemwamkia kwa jina. Asmahani alingoja aone ni mbinu gani itatumika.

Mwalimu Kasmiri alinyoosha mkono hewani, mbele ya watu wote.

"Asmahani, uko wapi? Nishike mkono."

Aliushika. Ulikuwa mkono mzito, mkavu, na ulimbana vidole kwa nguvu. Levina akachukua mkoba upande wa pili, wakaanza kuvuka uwanja kuelekea barabarani.

"Niambie kilichopo," alisema mwalimu.

"Kushoto kuna bodaboda watatu, wanagombana. Mbele yetu kuna bajaji ya kijani, dereva amelala. Kulia kuna mama anauza nyanya."

"Nzuri?"

"Nzuri sana, mwalimu."

Alisimama, akageuza uso upande wake. "Asmahani."

Alizitazama nyanya tena. "Za juu nzuri," alisema. "Za chini zimepondeka, na anajua, ndiyo maana amezifunika."

"Ahaa," alisema Mwalimu Kasmiri, wakaendelea kutembea. "Haya. Endelea hivyohivyo."